Peleti za Mninga na Kifua cha Mama

Mama yangu ni mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi, kipaimara, msiba, au diwani wako amekumbuka ghafla njia ya kurudi kwenu, unakuja mtaani kwetu Isevya, unapiga hodi, na mama anatoka na miko yake mirefu kuliko mimi. Sufuria zake unaweza kuogea. Nasema kwa uhakika kwa sababu nilipokuwa mdogo niliogeshwa humo, na wageni wa harusi iliyofuata wakasifu pilau.

Mwaka huu kifua chake kiligoma. Kwanza alikohoa asubuhi tu, tukasema ni vumbi. Halafu akakohoa na jioni, tukasema ni baridi. Halafu akawa anasonga ugali, anasimama katikati, anashika kiuno na kupumua kama pampu ya baiskeli iliyotoboka, huku macho mekundu yakimtoka machozi. Tulipokwenda hospitali, daktari kijana akamsikiliza mgongo kwa kile chombo chake, akauliza anafanya kazi gani. Mama akamwambia. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama, dawa nitakupa. Lakini dawa na moshi haviishi nyumba moja. Achana na moshi."

"Mwanangu," mama akamjibu, "moshi ndiyo kazi yenyewe."

Habari zikafika Urambo kwa mjomba, kaka yake mama, mkulima wa tumbaku. Mjomba haongei kwenye simu, anatangaza. Akatangaza kwamba akishauza tumbaku yake atakuja kutuchukua wote wawili. Mama atapumzika kijijini, mimi nitahamia shule ya kule, na jioni nitasaidia kufunga majani. "Huku kuna hewa safi," akasema. Hewa safi! Mtu ambaye ana bani nyuma ya nyumba, kile kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku, kinachomeza magogo kama mtoto anayekula karanga! Nilitaka kumwambia hayo, mama akaninyang'anya simu kabla sijafungua mdomo. Ananijua.

Mimi nipo kidato cha tatu. Nina nafasi yangu karibu na dirisha, nina marafiki, na nina adui mmoja mzuri kwenye kwaya ambaye bado sijamalizana naye. Sikuwa na mpango wa kwenda kufunga tumbaku. Tangu siku ile ya simu makalio yangu yakakataa viti. Darasani nilikuwa nanyanyuka, kanisani nilikuwa nanyanyuka, mezani nilikuwa nakula nimesimama kama farasi. Mwalimu wa kemia akaniuliza kama nimekalia siafu. Nikamwambia hapana mwalimu, siafu wana adabu, wangeomba ruhusa kwanza. Akanitoa nje kipindi kizima. Kwa kweli nilishukuru, maana nje mtu anaweza kutembea.

Ni kutembea huko huko, baada ya shule, bila sababu, kulikonifikisha kwenye karakana ya fundi mmoja seremala ng'ambo ya reli. Nilimkuta anajaza maranda kwenye mdomo wa mashine, na upande wa pili zinatoka punje ndefu ndefu, nene kama kalamu, zinang'aa, za moto.

"Shikamoo fundi. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Nishati."

"Mbona kinafanana na chakula cha kuku?"

"Mashine ni ya chakula cha kuku. Kuku wa mke wangu walikufa na mdondo, wote. Sasa mashine ikae inaniangalia?" Akaokota punje moja akaivunja. Ikalia *ta!* kama biskuti. "Hii inaitwa peleti. Unga wa mbao umebanwa mpaka umejisahau kama ulikuwa unga. Ina moto wa gogo, moshi haina. Hata mbinguni wanapikia hii."

Fundi huyu anapenda sifa kuliko kula. Lakini neno moja lilinishika: moshi haina. Nikamwomba anionyeshe. Alikuwa na jiko maalumu, kopo kubwa la bati lenye kifeni kidogo chini kinachotumia betri. Unajaza peleti tumboni mwake, unawasha kwa juu kama mshumaa, kifeni kinapuliza, na moto unashuka wenyewe taratibu. Akawasha. Mwali wa bluu na njano ukasimama wima, safi. Niliinamisha pua juu yake mpaka nikaunguza nyusi moja. Moshi haukuwepo.

Niliondoka pale na jiko la kuazima kichwani na ahadi kwamba nitamfagilia karakana kila Jumamosi. Sijawahi kufagia hata chumba changu. Ungeniambia siku ile niifagie reli mpaka Kigoma, ningeuliza tu ufagio uko wapi.

Mama alilitazama lile jiko kama anavyowatazama wachumba wa dada zake.

"Hiki ndicho kitanipikia ugali wa watu mia?"

"Hiki cha kujaribia, mama. Fundi anaweza kutengeneza makubwa."

"Haya. Tuone ujinga wenu."

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Nilikuwa nimechota peleti bila kuuliza ni za mti gani, nikiamini mti ni mti. Zikatoa moshi mweusi wenye harufu ya rangi ya nyumba, na sufuria ikavaa masizi ya kunata ambayo hayakutoka kwa mchanga wala kwa majivu. Mama alikohoa mpaka akakaa chini. Nikarudi karakana nakimbia, nimejaa matusi.

"Fundi! Ulisema hata mbinguni!"

"Umechukua za rundo gani?"

"Rundo lile la mlangoni."

"Hilo ni la msindano, mtoto, paini. Tena mbichi, mbao zimeteremka juzi. Msindano una utomvu. Unawaka haraka, unajivuna, unakuachia masizi unaondoka. Kama wewe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba karakana nzima ilikuwa na marundo, kila mti na rundo lake, na kila rundo na tabia yake. Basi nikaanza. Kila siku baada ya shule nilibeba mfuko wa rambo wa mti mmoja, nawasha nyumbani, nachemsha maji yale yale kwenye birika lile lile, na mama amekaa kwenye kigoda na kanga yake. Nilijifunza kuzipima kabla ya kuwasha. Peleti nzuri inavunjika kwa mlio, uso wake unateleza, na ukiitumbukiza kwenye kikombe cha maji inazama kama jiwe. Mbaya inaelea, inavimba, inafumuka ikawa uji. Chini ya mfuko ukikuta unga mwingi, ujue mashine haikubana au mbao zilikuwa na maji.

Lakini kipimo cha mwisho kilikuwa kifua cha mama, na hicho sikukipenda. Nilikuwa nasimama nyuma yake nasubiri. Maji yakichemka bila yeye kukohoa, narukaruka uwanjani. Akikohoa, namwaga maji, nazima, naondoka kwenda kutembea tena. Majirani walidhani nina minyoo.

Msindano mkavu ulikuwa afadhali kidogo, na ulikuwa na kipaji kimoja: unashika moto hata kwa kiberiti cha mvivu. Mkaratusi ulikuwa na moto mkali wa hasira, birika likawa linapiga kelele kabla sijamaliza kusimulia umbea, ila ulinukia kama dawa ya mafua, na mama akasema chai yake ina ladha ya zahanati. Mwembe ndio ulionivunja moyo. Fundi alipata magogo ya miembe mikubwa iliyokatwa walipokuwa wanapanua barabara, ile miembe ya njia ya zamani ya misafara, na nilitamani iwe mizuri kwa sababu nimekula maembe yake tangu sina meno. Peleti zake zilikuwa laini, zinamomonyoka. Zilitoa moshi mzito mweupe, na chini ya jiko yakabaki majivu tele na mabonge magumu kama kioo yaliyoziba matundu ya hewa, kifeni kikaanza kukoroma. Sikuwa na hakika kama kosa ni la mwembe wenyewe. Fundi alisaga kila kitu pamoja na magome, na magome yalikuwa na mchanga wa barabara. Nilimwambia amenyimwa subira ya kumenya, akaniambia nimenyimwa adabu ya kunyamaza. Tulikuwa tumeelewana.

Mninga ulikuja mwisho kwa sababu ulikuwa mchache. Watu wenye vitanda vya mninga ni wachache, kwa hiyo na maranda yake ni machache. Peleti zake zilikuwa na rangi ya chai ya rangi, nzito, ngumu, zikanyamaza chini ya kikombe cha maji kama zimezaliwa huko. Kuziwasha kulikuwa vita. Nikamaliza njiti, nikamaliza na maneno. Mwishowe nikanyunyiza juu yake konzi moja ya msindano, ule mwepesi wa kuwaka, na msindano ukaushawishi mninga. Mwali ukatulia. Birika likachemka, likachemka tena, nikaweka maharage, yakaanza kuiva, na mwali bado umesimama pale pale. Mama akanyamaza kwenye kigoda chake. Nikamchungulia nikidhani amesinzia. Alikuwa amefumba macho anapumua, kwa pua, mdomo umefungwa.

"Huu," akasema.

Fundi akatutengenezea majiko makubwa matatu kwa mapipa ya zamani. Alitaka pia tujaribu mabua ya tumbaku, nikamwambia tumbaku ndiyo ninayoikimbia. Akaanza kuwabembeleza maseremala wenzake wampe maranda yao ya mninga, nami nikawa nayapitia na baiskeli, narudi mwekundu kichwa mpaka miguu, watoto wa mtaani wananiita tofali.

Halafu jirani yetu mmoja, bibi kizee mwema wa kanisa letu la Moraviani, akafariki, na mjomba akapiga simu siku hiyo hiyo. Marehemu alikuwa ndugu wa mbali upande wa bibi yetu. Atakuja kuzika, akasema, na akirudi atarudi na sisi. Tufunge mizigo. Mama akamwambia, "Njoo kwanza ule ugali wangu." Akakata simu, akaniangalia. "Kesho ndiyo kesho, mwanangu. Nikikohoa mbele ya kaka yangu, tumekwenda."

Sasa nieleze habari za mtani. Uzio wetu umegusana na wa mzee mmoja Mgogo, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, akabaki hapa hapa. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu wazee wetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo ya watu kwenda pwani. Walinyimana maji, wakaibiana mbuzi, wakazikana njiani, tukabaki na ruhusa ya kutukanana mpaka leo. Na kwenye msiba mtani ndiye mwenye msiba wa pili. Anaweza kulala kwenye jeneza, anaweza kukataa kaburi lisifukiwe. Mzee huyu kazi yake maalumu ilikuwa jikoni. Kila msiba anaopika mama, anakuja, anachomoa magogo yanayowaka chini ya sufuria na kukimbia nayo, mpaka akombolewe kwa kuku au kwa kitu chochote kitakachowachekesha wafiwa. Kumkasirikia ni mwiko. Ukikasirika, wewe ndiye umeharibu msiba.

Asubuhi ile tulipanga majiko nyuma ya nyumba ya marehemu. Mimi nilikuwa na viroba viwili vinavyofanana: kimoja cha mninga kwa ajili ya mama, kingine cha ule mwembe mbovu, wa kuchemshia maji ya kuoga ya wageni kwa lile jiko dogo la kuazima, kule kona ya mbali ambako mama hakanyagi. Maharage yaliiva kwenye jiko la kwanza, mwali safi, akina mama wanazunguka wakiinama kutafuta kuni. "Mbona unapikia kopo?" "Kuni ziko wapi?" Mama anacheka tu, anageuza mwiko. Kule chini ya turubai nilimwona mjomba amekaa na wanaume, shingo imegeukia upande wetu. Alikuwa anasikiliza. Watu wengine walisikiliza kwaya, yeye alisikiliza jiko.

Mtani akaja. Akainama chini ya sufuria, mkono tayari. Akazunguka. Akainama tena.

"Magogo yako wapi, wapagazi nyie?"

"Mtani, mwaka huu tumehama," mama akasema. "Leo utachomoa kifeni?"

Akina mama wakacheka. Mzee akakuna kichwa, akaondoka anaburuta kiatu, nami nikamsindikiza kwa vigelegele. Nilifurahi mno, na ndiyo maana sikufikiri. Nikaviacha viroba vyote viwili pale pale, nikachukua ndoo nikaenda bombani.

Niliporudi nilisikia kikohozi kabla ya kuona moshi. Shangazi yangu, aliyekuwa anamsaidia mama, alikuwa amejaza jiko la pili kutoka kwenye kiroba alichokikuta. Kilikuwepo kimoja tu. Akawasha, wakaweka sufuria ya ugali, mama akamimina unga, akaanza kusonga, na hapo ndipo mwembe na magome yake ulipoanza kusema. Moshi mweupe ulipanda kama nyumba inaungua. Na ugali wa sufuria ile ukishaanza kusongwa hauachwi. Ukiuacha unashika, unaungua, na waliofiwa wanalala njaa. Mama alikuwa ndani ya wingu lile na mwiko mkononi, anasonga, anakohoa, anasonga.

"Mama toka!"

"Nenda... kiroba..." Hakumaliza.

Sikuhitaji kuuliza nani amekichukua. Nilikimbia mbele. Mtani alikuwa katikati ya turubai, katikati ya waombolezaji, amekikalia kiroba changu cha mninga, mguu juu ya mguu, kofia juu ya goti. Na mjomba alikuwa ameshasimama, uso umekunjamana, anaangalia moshi unaopanda nyuma ya nyumba.

Ningeweza kulia. Ningeweza kumvuta mzee wa watu kwa nguvu. Lakini vyote viwili visingenipa kiroba. Kiroba kinakombolewa.

"Mtani," nikasema, nikihema, "nipe gunia."

"Gunia gani? Hili ni godoro. Nimerithi. Mimi na marehemu tulikubaliana, atakayebaki anachukua godoro."

"Marehemu alikuwa na akili timamu mpaka siku ya mwisho. Asingekuachia hata kunguni."

Kicheko kikapita, na kikohozi cha mama kikapita chini yake. Miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe.

"Msikilizeni mtoto wa wapagazi!" mzee akawaambia watu. "Babu zake wamebeba vitanda vya watu mpaka Bagamoyo, shingo zikaingia tumboni. Huyu shingo ndefu hivi ya nini? Hajawahi kubeba hata lawama."

"Na babu zako walikaa njiani wakidai hongo kwa kila kata ya maji. Ndiyo maana mpaka leo ukiona kitu kinapita lazima ukikalie."

Hapo hata mchungaji aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Binti wa marehemu, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, aliinua. Mtani akajipiga paja kwa furaha.

"Vizuri! Hongo yangu ni hii basi. Sitaki kuku. Beba. Twika hili gunia kichwani, zunguka turubai mbele ya watu wote, imba kwamba wewe ni mpagazi wa Mgogo. Ukimaliza, ulitue miguuni pangu hapa, nitafikiria."

"Nitwike."

Alishangaa nilivyokubali haraka. Akasimama, akanitwika kwa mikono yake mwenyewe. Nikaanza kuzunguka, naimba kwa sauti yangu mbaya, ile iliyonipa adui kwenye kwaya, kwamba mimi ni mpagazi, mimi ni mpagazi, bwana wangu Mgogo ana kipara. Watu wanapiga makofi. Nikapita mbele ya wazee, nikapita mbele ya mjomba, nikafika kwenye pengo kati ya turubai na ukuta. Pengo lile linaelekea jikoni.

Nikatoka mbio.

"Mwizi! Mwizi wa godoro!"

"Umenitwika mwenyewe!" nilipiga kelele bila kugeuka. "Mzigo unakwenda unakokwenda!"

Nyuma ya nyumba sikuona kitu isipokuwa kanga ya mama ndani ya moshi. Nikapasua kiroba kwa meno. Jiko la tatu lilikuwa tupu. Nikamimina mninga, nikanyunyiza juu konzi ya msindano niliyokuwa nayo mfukoni, nikawasha kifeni, nikawasha kiberiti, kikazima. Nikawasha tena, kikazima. Mkono mkubwa ukaninyang'anya kiberiti. Alikuwa mjomba. Mtu anayewasha bani miaka yote anajua kuwasha, lazima nikubali. Msindano ukashika, mwali ukasimama.

Mtani alikuwa amefika akinifuata, mdomo tayari una tusi. Alimwona mama. Mama alikuwa ameinama juu ya mwiko, kamasi na machozi, hawezi kuvuta pumzi, na bado mkono unazunguka. Tusi la mzee likabaki mdomoni. Mtani haombi msamaha, haipo kwenye utaratibu. Alivua koti lake la msiba, akalishika kama tambara, akakamata mkono mmoja wa sufuria. Mjomba akakamata wa pili. Wakainyanyua na ugali wake, wakaipeleka kwenye jiko la tatu, mama anatembea nayo, anasonga hata njiani. Kisha mzee akarudi, akalikumbatia lile jiko la moshi kwa koti lile lile, akaliburuta mpaka kona ya mbali, akapotea ndani ya wingu lake. Tukamsikia huko anakohoa kama trekta.

Mama akanyoosha mgongo. Alivuta pumzi, ikakwama. Akavuta tena. Mwali ulikuwa chini ya sufuria, kimya, hauna chochote. Akasonga. Nilisimama pembeni yake nahesabu pumzi zake kisha nikajikataza kuhesabu. Kikohozi kikaja, kidogo. Kikaja kingine baada ya muda mrefu. Halafu hakikuja. Mjomba alikuwa amesimama upande wa pili wa sufuria, mikono nyuma, na mimi nilikuwa naangalia uso wake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliofanyiwa na mtu mwingine.

Ugali ukaiva. Mama akaupakua, akageukia ile kona.

"Mtani!" Sauti ilikuwa kama ya chura. "Njoo ule. Leo wewe ndiye umepikwa."

Baada ya kuzika, watu walipokuwa wanakula, mjomba alikaa na mama kwenye mkeka. Mimi nilikuwa naosha sufuria ile ile moja kwa muda mrefu kupita kiasi, karibu yao.

"Nilikuja na nafasi mbili kwenye gari," mjomba akasema. Kwa mara ya kwanza hakutangaza. "Nimekuona leo. Ungekufa pale."

"Kwa moto gani?"

"Mimi sijui majina ya mioto yenu."

"Umekaa karibu na jiko la tatu. Ulinisikia nikikohoa?"

Mjomba akatafuna. "Mwishoni hapana."

"Basi huo. Kwa huo nitapika. Wakiniwekea mwingine, narudi nyumbani."

"Utaweza kurudi? Wewe? Watu wakuite kwenye shughuli, uwaache na sufuria?"

Mama akaitazama sufuria niliyokuwa naosha. Na mimi nikaacha kusugua, kwa sababu hilo hata mimi sikulijua. Mjomba akamalizia tonge. "Muhula huu," akasema. "Nitakuja tena mwisho wa muhula nikusikilize." Akaondoka na gari lake na nafasi zake mbili, na kiroba kidogo cha peleti nilichomsukumia dirishani bila kumuuliza.

Nafasi ya kuweza au kutoweza haikuchelewa. Tuliitwa kwenye harusi, familia kubwa, watu wenye neno lao hapa mjini. Mama alikuwa amewaambia mapema wanunue peleti za mninga na watume gari kuchukua majiko yetu, wakasema ndiyo, ndiyo. Tulipofika, mafiga yalikuwa yamewekwa na magogo ya miombo yamepangwa, mabichi, yametokea porini alfajiri. Peleti hakuna. Baba wa bibi harusi akaja anatabasamu, suti mpya.

"Shikamoo mama. Tumekosa hivyo vitu vyenu. Leo tu, mama. Moshi kidogo tu. Wageni wameshatoka kanisani."

Mama alikuwa ameshavaa aproni. Alitazama magogo. Alitazama sufuria zake. Ndani ya uwanja muziki ulikuwa umeanza, na shangazi zangu wote walikuwa wanamwangalia. Mimi sikuweza kusimama, nilikwenda ukutani nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha na kichwani hakikuwepo hata kimoja.

Vidole vya mama vilipanda nyuma ya mgongo, vikagusa fundo la aproni, vikakaa hapo.

"Mama, tafadhali," akasema baba wa bibi harusi.

Fundo likafunguka. Mama akaikunja aproni vizuri, akaiweka kwapani, akanikabidhi miko.

"Kuna fundi seremala ng'ambo ya reli," akamwambia. "Majiko ninayo nyumbani. Mkipata mninga mniite, nitakuja hapo hapo."

Tukatoka getini. Nilitembea nyuma yake na miko begani, nikisikiliza kifua chake barabarani kama mjomba. Tulikuwa hatujafika kona pikipiki ilipotupita kwa kasi kuelekea relini, na aliyepanda nyuma alikuwa amevaa suti mpya.